Fundi Anayesoma Plagi

Bodaboda akilalamika kwamba pikipiki inamisi, fundi anayeijua kazi yake hakimbilii kabureta. Hupuliza kwanza vumbi lililozunguka plagi, mchanga usije ukatumbukia kwenye silinda, ndipo aifungue na kuigeuzageuza juani. Anachotafuta ni rangi ya ile kauri iliyokikumbatia kijiti cha katikati. Kahawia hafifu au kijivu, injini ni nzima. Masizi meusi makavu, ama petroli inaingia nyingi kuliko hewa, ama plagi ni ya baridi mno kwa kazi hiyo. Ikiwa imelowa oili, mara nyingi ringi zimekwisha, na plagi mpya itakuwa hasara juu ya hasara. Ikiwa nyeupe pe, imeota vipele, joto limezidi.

Wapo wanaoamini kwamba plagi ya moto hutoa cheche kali zaidi. Wapi! Cheche ni ileile. Kinachotofautiana ni urefu wa pua ya kauri. Pua ndefu huchelewesha joto kufika kwenye thredi na kuingia kwenye hedi, basi ncha hubaki na moto wake; hiyo ndiyo plagi ya moto. Pua fupi huliachia joto upesi; hiyo ndiyo ya baridi. Ncha ya plagi yoyote inatakiwa ivuke kama nyuzijoto 450 za Selsiasi ili iunguze masizi yake yenyewe, lakini isifike 850 hivi, maana hapo petroli huwaka kabla ya cheche, na pistoni inaweza kutoboka.

Hapa ndipo ninapomvulia fundi kofia. Pikipiki mbili za Kichina, zote na plagi ya D8TC zilizotoka nayo kiwandani, haziishi maisha mamoja: moja inajikokota kwenye msongamano wa Kariakoo, nyingine inapanda Kitonga na magunia mgongoni. Fundi huanzia kwenye namba ya kiwanda, akasafisha chujio la hewa, akarekebisha kabureta, na plagi ikizidi kulalamika ndipo abadilishe namba, tena moja tu. Hatua moja huhamisha joto la ncha kwa nyuzi 70 hadi 100; ukiruka mbili umeshapotea. Akiwa na shaka huchagua ya baridi, na naona ana haki: plagi ya baridi mno itakuzimikia njiani, ya moto mno itakuulia injini.

Halafu kuna mtego wa dukani. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume chake. Muuzaji akikwambia “chukua hii, namba ni kubwa, ndiyo nzuri,” mwulize ni kubwa kwa hesabu ya nani.

Na ile plagi kuukuu usiitupe mtaroni kabla fundi hajaiona.