Opera ya Macbeth na Watu wa Goma

Wengi wenu mmekwisha kusikia neno opera, lakini walioiona ni wachache. Ni mchezo ambao watu wake hawasemi. Huimba tangu mwanzo hata mwisho, na vinanda na zeze huwafuata. Pengine mtauliza, jambo hili lahusu nini Majengo, mahali ambapo twatembea juu ya mawe ya Nyiragongo na umeme huja na kwenda upendavyo? Lahusu sana, maana iko opera moja ambayo habari yake yote imewekwa katika mji wetu wa Goma.

Ni Macbeth ya Giuseppe Verdi. Mtaliano huyo aliitunga mwaka 1847, akaitengeneza upya mwaka 1865 kwa ajili ya Paris, akifuata mchezo wa Shakespeare juu ya jemadari aliyemwua mfalme wake ili atawale yeye. Mwaka 2014 Brett Bailey wa Afrika ya Kusini, pamoja na kikundi chake kiitwacho Third World Bunfight, aliichukua akaihamishia Kivu. Katika mchezo wake wakimbizi wa Goma waona sanduku la kale, na ndani yake mna mavazi, karatasi za muziki na sahani za gramofoni za watu walioicheza Macbeth wakati wa ukoloni. Basi wanayavaa mavazi yale, wakasimulia habari zao wenyewe. Fabrizio Cassol aliupunguza muziki wa Verdi hata wakabaki wapigaji 12 tu na waimbaji 10, nao waimbaji wote ni watu wa Afrika ya Kusini. Nyuma yao zilionyeshwa picha na maandishi juu ya vita na madini.

Sisi tuliona vipande vyake tu, katika simu ya mwalimu wa kwaya, watu tisa tukibanana juu ya benchi moja. Kwa hiyo hukumu yetu ni ya watu walioona mlango, wala si nyumba yote.

Jambo tulilolisifu kwanza ni wachawi watatu. Katika kitabu ni wanawake wa porini. Hapa wamekuwa watu wa kampuni inayotafuta madini. Wanamtabiria jemadari ukubwa, naye anaamini, na watu wanakufa. Katika chumba chetu hakuna aliyeomba kufafanuliwa. Tena twasifu ule upunguzaji wa muziki, kwa sababu opera inayohitaji wapigaji 80 na jumba la dhahabu haitavuka ziwa kamwe, lakini ya wapigaji 12 yaweza kupandishwa mashuani.

Hata hivyo, Goma ya vipande vile yajua bunduki tu. Hatukuona arusi, wala chukudu iliyobeba viazi, wala mama muuza makala akibishana na mteja wake. Mwenzetu mmoja, fundi wa cherehani, alisema kwamba wametuimba vizuri, ila hawakutuuliza twacheka namna gani. Twaona neno lake ni la haki. Waliokaa vitini mwaka ule huko Brussels na London walirudi nyumbani wakijua tunavyokufa.

Siku hizi wenye nyumba za opera watafuta watazamaji wapya, na wengi hutumainia vyombo vipya vya kumwingiza mtu ndani ya mchezo. Nia hiyo si ya jana: mwaka 1881, kwenye maonyesho ya umeme ya Paris, watu walisikiliza opera kwa simu, kifaa kimoja kila sikio. Mwaka 2023 huko Bayreuth, Ujerumani, mchezo wa Wagner uitwao Parsifal ulitiwa miwani ya kompyuta. Mwenye kuivaa aliona picha nyingine zikielea mbele ya macho yake, juu ya mambo ya jukwaani. Lakini ukumbi ule una viti karibu 2,000, na miwani ilikuwa 330 hivi. Kwetu mtu akileta soda 330 kwenye arusi ya watu 2,000, twajua yatakayofuata.

Twapenda zaidi mfano wa Geneva. Huko, mwezi wa Januari 2024, ilichezwa opera mpya iitwayo Justice, muziki wa Hèctor Parra, maneno ya Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi, naye Milo Rau akiiongoza. Habari yake ni ajali ya mwaka 2019 huko Kabwe, Katanga, lori la asidi lilipopinduka na kuua watu wapatao 20. Mwana wa Katanga, Serge Kakudji, aliimba humo kwa sauti yake nyembamba ya ajabu, na juu ya jukwaa ilionyeshwa sinema iliyopigwa kwa wenyeji wa Kabwe. Kila aliyekuwa ukumbini aliiona sinema ile, wala hakukodi miwani.

Na mtu akitaka kujua maana ya kuingia ndani ya mchezo, aje Ijumaa Kuu. Vijana huwa askari, mmoja hubeba msalaba, na mtaa mzima hutembea pamoja nao juu ya mawe meusi, hata husahau nani aigiza na nani alia kweli. Simu nazo tunazo: mwalimu huimba sauti ya pili peke yake, huirekodi, huwapelekea waimbaji kwa WhatsApp, nao hufika mazoezini wakiwa wameijua. Kwa watu kama hao opera haihitaji kubembeleza.

Katika sehemu ya nne ya Macbeth umo wimbo wa wakimbizi wanaoililia nchi yao. Verdi aliutunga upya mwaka 1865, kana kwamba ule wa kwanza haukumtosha. Tuliusikiliza mara tatu. Katika benchi letu walikuwapo waliokimbia mlima mwezi wa Mei 2021, na waliokimbia bunduki mwezi wa Januari 2025, na wawili waliokimbia vyote viwili. Mara ya tatu akina mama wa sauti ya kwanza walikwisha kuushika, wakamwomba mpiga kinanda aushushe kidogo, kwa kuwa wameona uko juu mno.