Meza Moja, Saa Moja

Marafiki wanapokaa pamoja katika mgahawa mjini Sumbawanga, mmoja akaagiza mgebuka wa kukaanga, mwingine maharage, wa tatu kuku wa kienyeji, mara nyingi sahani ya kwanza hufika wakati ya mwisho haijaanza kupikwa. Aliyeletewa anaona haya kuanza peke yake, na baridi ya Ufipa mwezi Julai haikawii kupoza chakula. Kasoro hii hairekebishwi kwa fedha. Inataka mpangilio.

Alice Waters alipofungua Chez Panisse mjini Berkeley, California, mwaka 1971, alichagua njia fupi: kila jioni mlo mmoja uliopangwa, wageni wote wanakula huo huo. Baadaye mgahawa ukapata sifa kwa kununua kwa wakulima wa jirani, na migahawa mingi ya kifahari ya Marekani ikafuata nyayo zake. Wengi husifu ubichi wa mboga zake; mimi nauhusudu zaidi mpango wa saa. Mpishi anayejua tangu asubuhi atakachopakua usiku anaweza kuhesabu kurudi nyuma na kukipa kila chakula muda wake.

Sumbawanga hesabu hiyo ina ugumu wake. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100. Maharage, zao kubwa la Rukwa, huchelewa kuiva. Kuchochea moto hakusaidii: maji yatakauka upesi, lakini joto lake halitapanda. Basi yalowekwe usiku kucha, yachemshwe asubuhi hadi yalainike kabisa, na mteja akifika yabaki kuungwa tu. Mgebuka hana shida hiyo, maana mafuta hupata moto uleule popote. Aliyeletwa mbichi kutoka Ziwa Tanganyika kupitia Kasanga anaiva kwa dakika chache. Mkavu ndiye wa kulowekwa mapema.

Kinachoamua dakika ya kupakua ni ugali. Wa ulezi hasa: ukikaa huota ngozi juu na kuwa mgumu. Kwa hiyo usongwe mwisho, samaki akiwa tayari kwenye mafuta, na mtu mmoja jikoni ndiye aamue meza ipakuliwe. Katika migahawa mikubwa ya Marekani hiyo ni kazi kamili ya mtu mmoja: anasimama kati ya wapishi na wahudumu, anasoma oda kwa sauti, na haruhusu sahani moja ya meza kutoka kabla ya nyingine.

Mteja wa hapa huingia akiuliza leo kuna nini. Ajibiwe vyakula viwili vitatu vilivyokwisha kupangiwa saa, kuliko kuonyeshwa orodha ndefu ukutani ambayo nusu yake haipo.