Binti wa Njoro na miguu ya farasi

Shika ramani, weka kidole Alimbongo, kwenye mgongo wa milima ya Lubero, mashariki mwa Kongo, kisha ukipeleke moja kwa moja mashariki. Kitavuka Ziwa Edward, kitapita kusini mwa Uganda, kitagusa Ziwa Viktoria na mwisho kitafika Njoro, nchini Kenya. Vyote viwili viko kusini kidogo tu ya ikweta, na vyote viwili viko juu ya mita 2,000. Kote kuwili watoto huenda shule asubuhi katika ukungu wakiwa wamevaa masweta, na udongo hukubali viazi, kabichi na ngano. Lakini Njoro ilipata farasi na Alimbongo haikupata. Huko Njoro alikulia msichana aliyepewa leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio akiwa na miaka ipatayo 18, na anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Kenya kuipata.

Alizaliwa Beryl Clutterbuck, Uingereza, Oktoba 1902, akaletwa Afrika Mashariki akiwa mtoto mdogo. Wengi wanamjua kwa jina la ndoa, Beryl Markham, kwa sababu ya safari ya Septemba 1936, alipovuka Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Nova Scotia. Safari hiyo imeandikwa sana. Kinachostahili kuchambuliwa zaidi ni miaka iliyotangulia: mtoto asiyekaa shuleni aliwezaje kuijua kazi ambayo wanaume wazima, wenye fedha na uzoefu, walishindwa?

Kwanza farasi wenyewe. Katika sehemu kubwa ya Afrika ya kati, farasi ni mnyama wa kufa mapema. Mbung'o humwambukiza nagana, ndugu wa malale ya binadamu, naye hukonda, huvimba tumbo na miguu, kisha huanguka. Ugonjwa wa pili ni tauni ya farasi, inayoenezwa na usubi wanaouma kuanzia machweo hadi mapambazuko. Pundamilia huubeba bila kuugua, lakini farasi mgeni anaweza kufa ndani ya siku chache, mapafu yamejaa maji na povu linamtoka puani. Chanjo ya kutegemewa ilipatikana Afrika Kusini katika miaka ya 1930. Kabla ya hapo mfugaji alikuwa na silaha mbili: kukaa mahali penye baridi, ambako mbung'o hayupo na usubi ni wachache, na kuwaingiza farasi bandani kabla jua halijazama.

Alimbongo ina baridi hiyo. Tatizo lake lilikuwa njia. Njoro ilifikiwa na reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa na kugusa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Farasi alishushwa melini, akapandishwa behewa, akavuka nyika yenye mbung'o bila kulala humo majuma kwa majuma. Kwenda Lubero hapakuwa na behewa. Upande mmoja kuna bonde la Semuliki na tambarare za Rwindi, upande mwingine msitu wa Ituri, na kote huko mbung'o wamejaa. Mambo yalikuwa magumu kiasi kwamba utawala wa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, ulijaribu kufuga tembo kaskazini mwa Kongo, huko Api, ili wavute mizigo ambayo farasi na ng'ombe hawakuweza kuivuta wakabaki hai.

Baba yake Beryl, Charles Clutterbuck, alijenga shamba Njoro kwenye ukingo wa msitu wa Mau. Alikuwa na vinu vya kusaga unga, kiwanda cha kupasua mbao na mabanda ya farasi wa mbio. Mama yake hakuyaweza maisha hayo; alirudi Uingereza na kaka yake Beryl mwaka 1906. Msichana akabaki na baba, wafanyakazi na wanyama.

Hapo ndipo jibu linapoanza, na si jibu la kipaji. Farasi wa mbio ana uzito unaokaribia kilo 500, lakini tumbo lake ni dogo, la lita kama 10 hivi, kwa hiyo halishwi mlo mmoja mkubwa kama ng'ombe. Hupewa kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Hunywa ndoo tatu au zaidi za maji. Hawezi kutapika, akila vibaya hupata msokoto wa tumbo unaoweza kumuua kabla ya kupambazuka. Kwato zake hukwanguliwa kila siku, maana kijiwe kimoja kilichokwama kinaweza kumlemaza. Kwa hiyo mtu aliyekulia bandani huwa ameamka gizani, amebeba ndoo, amefagia mavi, amesugua ngozi kwa brashi, ametazama aliyebakiza chakula na aliyelala upande usio wake, na yote hayo kabla ya kifungua kinywa. Beryl aliyafanya hayo pamoja na masaisi wa shamba tangu utotoni. Alipofika umri wa mtoto wa kidato cha kwanza, tayari alikuwa anawapanda farasi ambao hawajatulia, na dume mmoja mkali aliyeletwa kutoka ng'ambo, Camciscan, alimfundisha kwa kumwangusha. Baadaye alimpa farasi huyo sura nzima katika kumbukumbu zake, West with the Night, zilizochapishwa mwaka 1942.

Shule haikufua dafu. Walimu wa kuja nyumbani hawakudumu, na alipopelekwa shule ya Wazungu jijini Nairobi alifukuzwa kabla ya kumaliza. Wasimulizi wengi hulipamba jambo hili, kana kwamba kufukuzwa ndiko kulikomfanya awe hodari. Si kweli. Alichokipata nje ya darasa kilikuwa elimu yenye mtaala mgumu: mwalimu alikuwapo, somo lilikuwapo kila asubuhi, na mtihani haukuahirishwa, kwa sababu farasi mgonjwa hangojei muhula. Msichana wa umri wake asiye na baba mwenye mabanda angefukuzwa shule akabaki na mikono mitupu.

Kulikuwa na walimu wengine. Rafiki yake wa utotoni, Kibii, ambaye Beryl anamtaja kuwa Mnandi, pamoja na wanaume wa jamii yake, walimfundisha kuwinda kwa mkuki, kutembea bila kelele na kusoma nyayo. Watu huichukulia sehemu hii ya maisha yake kama mchezo wa utotoni tu, lakini ilikuwa na uhusiano wa moja kwa moja na farasi. Mwindaji hujifunza kumwona mnyama kabla mnyama hajatenda: sikio linalogeuka, uzito unaohamia mguu wa nyuma, pumzi inayobadilika. Mkufunzi anaitumia elimu hiyohiyo kila saa. Kibii alipokuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta, na alifanya kazi pamoja na Beryl mabandani kwa miaka mingi.

Katika kumbukumbu zake Beryl anasimulia usiku aliomzalisha farasi jike aliyeitwa Coquette. Farasi hubeba mimba miezi 11, na majike wengi huzaa usiku. Uchungu ukishaanza kwa kweli, mtoto hutoka upesi, mara nyingi ndani ya nusu saa, kwato za mbele zikitangulia na pua ikifuata juu yake. Mpangilio ukiwa mwingine, mkunga ana dakika chache tu za kuamua. Baba alimwachia kazi hiyo, na mtoto alipozaliwa salama alimpa awe wake. Akamwita Pegasus. Uamuzi huo wa Clutterbuck ulikuwa mzuri: alimpa kijana jukumu zima, si kumshikisha taa.

Kisha mambo yakaharibika. Mwishoni mwa muongo wa 1910 mvua zilikataa. Clutterbuck alikuwa ameahidi kuuza unga kwa bei iliyopangwa mapema. Bei ya nafaka ikapanda, naye akalazimika kununua ghali na kuuza rahisi mpaka akafilisika. Shamba likauzwa, naye akaenda Peru kufunza farasi wa watu. Beryl, aliyekuwa ameolewa mwaka 1919 kabla hata ya kutimiza miaka 17, alichagua kubaki. Anaeleza alivyopanda juu ya Pegasus na kuelekea Molo, kwenye baridi kali zaidi, mali yake yote ikiwa kwenye mifuko ya tandiko. Huko akaanza ukufunzi.

Mwaka 1926 ndio uliompa jina. Farasi aliyemtegemea, Wrack, alikuwa amechukuliwa na mwenyewe na kupelekwa kwa mkufunzi mwingine, zikiwa zimebaki wiki chache kabla ya mbio za St Leger jijini Nairobi. Akabaki na Wise Child, jike mwenye moyo wa mbio lakini kano zake zilikuwa zimeharibika kwa kukimbizwa kupita kiasi.

Ugumu wa tatizo hili uko kwenye mwili wenyewe. Chini ya goti farasi hana msuli wa maana; ni mfupa, ngozi na kano ndefu zinazopita nyuma ya mguu. Miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wake akiwa amesimama, na akienda shoti kuna nukta ambapo mguu mmoja hubeba mzigo unaozidi mara mbili ya uzito wa mwili mzima. Kano hunyooka, huvuta, hurudi. Nyuzi zikikatika, damu inayofika hapo ni kidogo, kwa hiyo hupona polepole mno, kwa miezi mingi, na kovu lake halinyumbuki kama nyuzi za awali. Mkufunzi hana dawa ya kufupisha muda huo. Ana kiganja chake. Kila asubuhi, kabla ya tandiko, hushusha mkono nyuma ya mguu kutoka goti hadi kifundo: kano nzima ni baridi na imekaza, yenye kasoro huwa na joto kidogo au uvimbe ambao jicho halioni. Joto likiwapo, hakuna mbio siku hiyo.

Kwa hiyo swali lilikuwa la kipimo. Mapafu na moyo wa Wise Child vilihitaji kazi ngumu ili vihimili karibu kilometa 3 za mbio, ilhali kano zilihitaji kupumzishwa. Ukimkimbiza sana unampoteza, ukimhurumia sana anaishiwa pumzi katikati ya uwanja. Beryl aliupita uzi huo mwembamba, asubuhi baada ya asubuhi, na Wise Child akashinda, huku Wrack akiwa miongoni mwa aliowaacha nyuma. Mkufunzi alikuwa na miaka 23. Hesabu ya namna hiyo haifanywi na mtu aliyeanza kugusa miguu ya farasi juzi. Ilitaka kiganja kilichozoea joto la maelfu ya asubuhi za Njoro.

Haki inataka pia upande wa pili uandikwe. Bonde la Ufa karibu na Naivasha na Nakuru lilikuwa malisho ya Wamaasai hadi mkataba wa 1904 ulipowaondoa, na sheria za ardhi ziliwagawia walowezi nyanda za baridi, zilezile ambako farasi aliweza kuishi. Arap Ruta alijua farasi, aliwalea na kulala karibu nao, lakini katika Kenya ya miaka ile hakuna aliyetarajia jina lake kwenye leseni. Ujuzi wa mabanda yale ulikuwa wa watu wengi. Karatasi ilikuwa ya mmoja. Hilo halimpunguzii Beryl uhodari. Linaeleza tu kwa nini ni yeye tunayemsoma.

Na Alimbongo? Mizigo yake hubebwa na malori ya barabara ya kitaifa namba 2, vichwa vya akina mama na chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo vijana wa Kivu Kaskazini hulipanda goti moja likiwa juu ya mbao na mguu mwingine ukisukuma ardhi. Farasi hakuwahi kupata nafasi. Lakini ng'ombe, mbuzi na kondoo wako kwenye vilima hivi, na mtoto anayependa wanyama hahitaji kungoja farasi ili mikono yake ianze kusoma. Pigo kubwa kwake ni lingine: elimu hii hutaka asubuhi zisizokatika, na mapigano yaliyofika Alimbongo Desemba 2024 yalikata asubuhi za familia nyingi, zikaacha mashamba, mifugo na madarasa.

Kwa atakayetaka kwenda mbele, njia haiko mbali. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa Butembo mwaka 1989, kina kitivo cha tiba ya mifugo, ambako kano, kwato na nagana ni masomo ya darasani. Kijana wa Lubero anaweza kufika huko akiwa na kile ambacho kitabu hakimpi, yaani miaka ya kuamka gizani kuwalisha wanyama wa nyumbani, na akatoka na karatasi yenye jina lake mwenyewe.