Mke Mwema: Neno Moja na Tafsiri Yake

Shairi linalofunga Kitabu cha Mithali, sura ya 31, aya ya 10 hadi ya 31, limekuwa kwa Wakristo wengi wa Afrika ya Mashariki kipimo cha mwanamke mchaji wa Mungu. Husomwa arusini, hufundishwa katika vyama vya akina mama, na msichana akisha kuambiwa awe mke mwema hudhaniwa kuwa hahitaji maelezo zaidi. Lakini sifa isiyoulizwa maana yake ni rahisi kupotea.

Katika Kiebrania mwanamke huyu huitwa *eshet hayil*. Neno *hayil* lina maana ya nguvu, uhodari, mali, na hata jeshi. Wafasiri wa kale walilisikia hilo: tafsiri ya Kiyunani ilimwita mwanamke shujaa, na ile ya Kilatini ikamwita mwanamke mwenye nguvu. Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, imechagua wema. Tena Biblia hiyo hiyo, malaika anapomsalimu Gideoni kwa neno hilo hilo katika Waamuzi 6:12, yamwita shujaa. Basi neno likimwangukia mwanamume huwa ushujaa, likimwangukia mwanamke huwa wema.

Yupo atakayejibu kwamba wema katika Kiswahili si upole tu, bali ni utu mzima. Na kwamba Gideoni yu vitani na mwanamke huyu yu nyumbani, nayo mazingira ya maneno ndiyo yamwongozayo mfasiri. Jibu hili lina uzito, ila shairi lenyewe halilikubali, maana mshairi ameingiza vita nyumbani. Faida aipatayo mume, katika aya ya 11, ameiita kwa neno la nyara; na chakula wapewacho watu wa nyumbani, katika aya ya 15, kwa neno la windo. Mwanamke huyu hujifunga nguvu viunoni, huangalia shamba akalinunua, huwauzia wafanya biashara, na mkono wake humfikia maskini. Huo ni wema, hapana shaka. Lakini ni wema wenye misuli.

Ushahidi mwingine umo katika Ruthu 3:11, ambapo Boazi amwita Ruthu kwa jina hilo hilo. Ruthu wakati huo hakuwa na mume, wala nyumba, wala watumishi. Alikuwa mjane mgeni kutoka Moabu, aokotaye masazo mashambani. Kumbe tabia hii haitokani na ndoa. Neno la Kiebrania lafaa kwa mwanamke na kwa mke pia, na Kiswahili cha zamani kilikuwa vivyo hivyo, ndiyo maana twasema wake kwa waume. Lakini msomaji wa leo akisikia mke afikiri habari za mume, na asiyeolewa hujiona yu nje ya shairi.

Yafaa pia tutazame umbo. Aya hizi 22 zafuata herufi 22 za Kiebrania, mtindo ambao washairi wa pwani yetu nao waliujua kwa herufi za Kiarabu. Mtindo huo hukusudia sifa kamili, tangu herufi ya kwanza hata ya mwisho; haukusudii kumpangia mtu kazi za siku moja. Katika nyumba nyingi za Kiyahudi mume humwimbia mkewe maneno haya usiku wa Sabato. Tena Mwana Kupona, katika utendi wake wa mwaka 1858, alimwusia binti yake; bali sura hii yaanza na mama amfundishaye mwanawe wa kiume, mfalme Lemueli. Basi msikilizaji wa kwanza ni mwanamume, naye afundishwa kutambua na kuheshimu. Sisi tumeigeuza sifa kuwa amri, tukawatwika mabinti mzigo ambao shairi halikuwawekea.

Kumcha Bwana kumetajwa karibu na mwisho, katika aya ya 30, kama mzizi unaofunuliwa baada ya matunda. Mwanamke mchaji wa Mungu, kwa shairi hili, ni mwenye nguvu iliyotiwa adabu na uchaji. Kiswahili kina neno litoshalo kubeba nguvu, ustadi na moyo thabiti pamoja, nalo ni hodari. Atakayefasiri tena na alipime.