Nani Kaandika Haya? Uhakiki wa Makala ya Mtandaoni Yanayoandikwa kwa Malipo

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi. Hapa ninahakiki aina ya utungo ambayo hatufundishwi darasani, ingawa nadhani jamaa zetu huisoma zaidi kuliko riwaya yoyote: makala ya mtandaoni yanayoandikwa na kibarua asiyetajwa jina, kwa malipo ya mteja asiyemfahamu. Sikutafuta mfano mbali. Nitahakiki makala niliyoyaandika mimi mwenyewe.

Nilianza kibarua hiki nikiwa mwaka wa pili hapa Kampala, wakati kodi ya chumba ilipokuwa imenishinda. Mwenzangu aliniunganisha na mteja wa ng'ambo aliyekuwa na tovuti ya kuuza virutubisho vya afya. Malipo yalikuwa dola 5 kwa makala ya maneno 1,000. Mwanzoni niliandika kwa Kiingereza. Baadaye mteja aligundua kwamba watu wengi huuliza maswali yao mtandaoni kwa Kiswahili, akaniuliza kama naijua lugha hiyo. Nilifurahi mno. Kwetu Uganda, mwanafunzi wa Kiswahili huulizwa kila mara atakula nini na lugha hiyo, na wapo wazee ambao bado wanaikumbuka kama lugha ya wanajeshi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipendekeza Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini pendekezo halilipi kodi. Sasa nilikuwa na jibu: nakula kwa Kiswahili.

Makala ninayoyahakiki yanaitwa "Vidonda vya Tumbo: Njia 7 za Asili Zinazoponya Haraka". Niliyaandika usiku mmoja, nikiwa nimekaa kitandani.

Nianze na fani. Namba iliyo katika kichwa haikutokana na maudhui. Mteja alitaka njia 7 kwa sababu aliamini kwamba namba huwavuta watu kubofya. Mimi nilikuwa nimepata njia 4. Kwa hiyo asali ikawa njia moja, na asali katika maji ya uvuguvugu ikawa njia nyingine. Maji ya kabichi yalikuwa njia ya tatu, na kabichi mbichi ikawa ya nne. Msomaji aliyeona wingi wa njia alidhani ameona wingi wa maarifa.

Ufunguzi ni swali: "Je, unasumbuliwa na maumivu ya tumbo kila unapokula? Usijali, umefika mahali sahihi." Swali hili halingojei jibu. Kazi yake ni kumfanya mgonjwa ajione ametambuliwa, kisha kumtuliza kabla hajaambiwa lolote. Katika tamthilia tungesema mhusika huyu ni mlaghai tangu onyesho la kwanza.

Tazama pia nafsi inayosema. Makala yote yametumia nafsi ya kwanza wingi: "tumekuandalia", "tunakushauri", "wataalamu wetu". Hapakuwa na "sisi". Nilikuwa mimi, simu yenye kioo kilichopasuka, na kurasa 3 za Kiingereza nilizozichota hapa na pale. Maneno "wataalamu wanasema" yametokea mara 5, na hakuna mtaalamu hata mmoja aliyetajwa.

Kuhusu lugha, hapa ndipo ninapoona haya zaidi. Mtu anapotafuta jambo mtandaoni huandika kwa mkato, akaruka viunganishi. Mteja alinipa fungu la maneno ambalo watu huliandika, "vidonda vya tumbo tiba", akataka litokee mara 12 bila kubadilishwa hata herufi moja. Basi nikaandika sentensi kama hii: "Kama umekuwa ukitafuta vidonda vya tumbo tiba, asali ni vidonda vya tumbo tiba bora zaidi." Mimi, niliyekuwa nikiwasahihisha wenzangu upatanisho wa kisarufi, niliuvunja mara 12 kwa dola 5. Sentensi ile hakuiandikiwa msomaji. Iliandikiwa mtambo unaopanga kurasa, na msomaji akaachiwa makombo.

Tukija kwenye maudhui, kosa kubwa limo katika yale yaliyoachwa. Barry Marshall na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kugundua bakteria aina ya Helicobacter pylori na mchango wake katika vidonda vya tumbo. Sababu nyingine kubwa ni matumizi ya muda mrefu ya baadhi ya dawa za kutuliza maumivu. Mwenye bakteria hao hupewa dawa za kuwaua pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na inampasa amalize dozi. Hayo hayakuwa siri. Niliyakuta katika kurasa zile zile nilizozichota, nikayaruka, kwa kuwa mteja alikuwa anauza unga wa mitishamba na wala si vidonge.

Jambo la mwisho katika uhakiki wangu ni usambazaji, kwa maana utungo huu haukamiliki hadi usambazwe. Mteja aliahidi dola 3 za ziada iwapo watu 500 wangeufungua ukurasa. Facebook ilikuwa imefungwa nchini mwetu tangu uchaguzi wa Januari 2021, na kuifikia kwa VPN kulikuwa kunamaliza bando. Nikaenda WhatsApp. Miongoni mwa makundi niliyotumia kiungo lilikuwemo la wanawake wafanyabiashara wa Busia, ambalo shangazi yangu alikuwa ameniingiza ili niwaandikie matangazo ya mikutano yao. Niliandika: "Jamani, hii imewasaidia wengi. Soma, kisha umtumie unayempenda." Wakati huo hakuna mtu aliyekuwa ameyasoma makala yale isipokuwa mimi na mteja. Uongo mkubwa kuliko wote haukuwa ndani ya makala. Ulikuwa katika sentensi hizo mbili zilizoyasindikiza.

Baada ya siku chache shangazi alinipigia simu. Zahanati ilikuwa imempa dozi ya siku 14. Alipofika siku ya 6 aliona vidonge vinamtia kichefuchefu, na ndipo kiungo kikaingia katika simu yake. Akaviacha vidonge, akawa anakunywa maji ya kabichi kila asubuhi.

"Mwanangu, wewe ndiwe msomi wetu," aliniambia. "Tumbo limerudi kuniwaka. Hebu niambie, huyo aliyeandika ni daktari?"

"Hapana, Shangazi."

"Ni nani?"

"Ni mimi."

Alinyamaza kwa muda nikadhani salio limekwisha. Kisha akasema, "Sasa mbona hukuandika kwamba ni wewe? Ningejua ni wewe, nisingekunywa."

Sijawahi kusoma uhakiki mfupi na mkali kuliko huo. Shangazi hakunilaumu kwa kutojua tiba, kwa maana anafahamu kwamba sisomei udaktari. Alinilaumu kwa kumnyima njia ya kunipima. Alirudi zahanati, akaanza dozi upya kwa fedha zake. Nilimwomba mteja aongeze aya moja ya kuwaasa wagonjwa wasiache dawa zao. Alinijibu kwamba ukurasa unafanya vizuri na hakuna haja ya kuugusa. Niliwaandikia wanakikundi wa Busia, kwa jina langu, nikawaeleza ukweli. Wawili waliniuliza maswali, mmoja akanitukana, wengine wakanyamaza. Mteja sikumwandikia tena. Hata hivyo makala yapo hadi leo, na siwezi kuyaondoa.

Baadhi ya wenzangu niliowasimulia kisa hiki husema kosa ni kuandika kwa malipo. Sikubaliani nao. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, Mwengo wa Athumani aliutunga kwa kuombwa na mtawala wa Pate. Kuagizwa kazi hakukumzuia kuwa mtunzi. Mwana Kupona naye, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, alimjua msomaji wake, na mwishoni akaweka bayana mtunzi ni nani na mwaka wa kutunga. Ndiyo desturi ya tenzi nyingi: mtunzi hujitaja, huitaja tarehe, na mara nyingi huomba asahihishwe alipokosea. Tulipofundishwa jambo hili nililiona kama pambo la mwisho, la kukariri kwa ajili ya mtihani. Sasa ninaliona kuwa ni dhamana. Aliyejitaja amekubali kuulizwa.

Wengine husema, "Usipoandika wewe, ataandika mwingine." Pengine. Lakini hoja hiyo inasahau hali ya lugha yetu mtandaoni. Kwa Kiingereza, makala yangu yangezama chini ya kurasa za hospitali na vyuo vikuu. Tena tangu Februari 2011, Google ilipoleta mabadiliko yaliyoitwa Panda, imekuwa ikijitahidi kuzishusha kurasa duni zilizoandikwa kwa wingi. Lakini ili ukurasa mbaya ushushwe, sharti pawe na ukurasa mzuri wa kuupanda juu yake. Nilipotafuta maneno yale kwa Kiswahili, makala yangu yalikuwa miongoni mwa ya kwanza, kwa sababu yaliyoshindana nayo yalikuwa machache, na baadhi yake yalikuwa yamenakiliana neno kwa neno. Penye uhaba wa maji, hata ya dimbwi hunywewa. Katika lugha yenye kurasa chache, kibarua wa usiku mmoja anageuka kuwa kamusi, daktari na mwalimu. Hilo ndilo linalonitisha, na ndilo linalonifanya niamini kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tunabeba mzigo mzito kuliko wenzetu wanaoandika kwa Kiingereza.

Sitaki kuonekana kama ninayekitukana kibarua kizima. Kimenifundisha kufupisha sentensi, kumaliza kazi kwa wakati, na kuanza na swali alilonalo msomaji badala ya lile nililonalo mimi. Insha zetu za darasani zingefaidika na somo hilo. Mtu anayetafuta tiba usiku wa manane, zahanati ikiwa imefungwa, anastahili kupata jibu kwa lugha yake. Tena wengi wetu tutafanya kazi hii baada ya chuo, kwa kuwa ajira za kufundisha hazitatutosha sote.

Ninachokipendekeza, basi, si kuikimbia kazi. Mwandishi amwambie mteja mapema kwamba makala yatatoka na jina. Akikataa, hiyo ni dalili tosha. Asiandike kuhusu dawa, mikopo au sheria kabla ya kumwonyesha mtu anayelijua jambo lenyewe, na mtu huyo atajwe. Asisambaze kwa watu wake kile asichoweza kukitetea mbele yao. Wahadhiri nao wayalete makala ya aina hii darasani tuyapasue kama tunavyopasua riwaya: nani anasema, anamwambia nani, nani kamlipa, na ni nini kimeachwa.

Nimejaribu kazi mpya tangu wakati huo. Ninamwandikia fundi mmoja wa baiskeli maelezo ya namna ya kutunza mnyororo na breki. Fundi huyasoma kwanza, hunirekebisha, kisha yanatoka na majina yetu wawili. Hulipwi sana. Wiki iliyopita shangazi alinipigia tena akasema ameyasoma, ingawa hana baiskeli. Alitaka tu kuona kama jina langu limo.