Makarani Waliohamisha Akiba Zetu

Historia ya benki husimuliwa kupitia wamiliki wake. Tunajua kwamba Februari 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ya Tanzania ilitaifisha benki za kigeni, zikiwamo Barclays na Standard, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara (NBC). Kwamba 1997 benki hiyo iligawanywa, benki ya NMB ikazaliwa. Na kwamba 2000 hisa nyingi za NBC ziliuzwa kwa Absa ya Afrika Kusini. Kazi ya makarani haisimuliwi. Ilhali kila uamuzi wa aina hiyo hutekelezwa akaunti moja moja: salio lilinganishwe na leja, kadi ya sahihi ipatikane, hundi iliyokuwa njiani ijulikane nani ataibeba. Tofauti ndogo tu hutosha kumchelewesha karani ofisini, maana hesabu zisipolingana hazifungwi. Na wakati huohuo dirishani foleni inasubiri.

Atasema mtu kwamba walilipwa kwa kazi hiyo, na kwamba benki yenyewe iliishia kwenye hasara. Hasara ilikuwepo, na kubwa: mikopo mibovu ya mashirika ya umma na vyama vya ushirika iliielemea. Lakini mikopo ile haikuamuliwa dirishani. Mshahara nao hununua saa za kazi. Uangalifu wa mtu anayerudia kujumlisha safu nzima ya tarakimu ni wake mwenyewe. Mgawanyo ulipokuja, matawi ya wilayani yaliyokwenda NMB yaliendelea kulipa wateja wake, na waliowahudumia wengi wao hawakujua kama ajira zao zitabaki.