Kitabu juu ya ubongo wa mwanamke

Tumesoma kitabu The Female Brain cha mganga Louann Brizendine wa Marekani, kilichotoka mwaka 2006. Msingi wake ni wa kweli: estrojeni huingia katika chembe za ubongo na kushikana na kipokezi chake, kipokezi hicho hujifunga penye DNA, na hapo jeni nyingine huamka, nyingine hulala. Tena ubongo wa panya dume hugeuza testosteroni kuwa estrojeni. Basi hata jina «homoni ya kike» halitoshi.

Lakini mwandishi avuka mpaka. Aliandika kwamba mwanamke husema maneno 20.000 kwa siku, mwanamume 7.000. Mwaka 2007 wataalamu walitoa hesabu ya wanafunzi 396 waliorekodiwa sauti: wanawake kwa wanaume walikaribia 16.000. Mwandishi mwenyewe alikubali hesabu yake iondolewe.

Basi, ndugu mapadri na wakatekista, tukifundisha wachumba tusiseme kwamba mke ni msemaji ovyo kwa maumbile. Homoni hugusa jeni, haiandiki tabia ya mtu. Mume akisha kuamini hivyo, hatamsikiliza tena mkewe.